GSettings na dconf kwenye kompyuta za pamoja: tathmini kutoka Lamu

Kwa yeyote anayesimamia chumba cha kompyuta ambamo watu wengi hutumia mashine zile zile, na ambaye angependa kupanga mipangilio ya kila mtumiaji kwa programu badala ya kubofya dirisha baada ya dirisha, GSettings pamoja na ghala lake, dconf, ni chombo ninachokipendekeza kwa moyo mkunjufu. Nina sharti moja tu: mwenye kukitumia kwenye mtandao aelewe kwanza mipangilio inaandikwa wapi na inaandikwa na nani. Chombo chenyewe kimeundwa kwa ustadi mkubwa. Matatizo mengi yanayolalamikiwa hutokea pale folda za nyumbani za watumiaji zinapokaa kwenye seva ilhali mipangilio imeachwa kama ya kompyuta iliyo peke yake, na mtu akikosea hapo chombo hiki hunyamaza.

Nakitumia katika chumba cha kompyuta cha pamoja hapa Lamu, mtaa wa Langoni. Alasiri huja wanafunzi kuandika kazi zao, kina mama wa vikundi huja kupiga hesabu zao, na walimu wa madrasa huja kuchapa. Mashine ni kompyuta za mezani zilizokwishatumika kwingine, zinaendesha Ubuntu (aina mojawapo ya Linux) yenye GNOME, yaani mazingira ya madirisha na menyu anayoyaona mtumiaji, na zimeunganishwa kwa waya kwenye seva moja iliyomo chumba hicho hicho. Folda ya nyumbani ya kila mtumiaji iko kwenye seva na hufikishwa kwenye mashine kwa njia ya NFS, utaratibu wa kutumia mafaili ya seva kupitia mtandao, ili mtu akae kiti chochote kilicho wazi na akute kazi zake. Mpango huu hauhitaji intaneti kwa lolote. Laini ikikatika siku nzima, mtandao wa ndani unaendelea kufanya kazi, na mipangilio yote inasomeka na kubadilika kama kawaida. Kwa kisiwa, hilo pekee lilitosha kunifanya niuangalie mfumo huu kabla ya zile huduma za kusimamia kompyuta ambazo kila kitu chake kiko mbali.

Majina haya mawili huchanganywa, kwa hivyo inafaa yatenganishwe. GSettings ni kiolesura ambacho programu hukitumia kusoma na kuandika mipangilio. Kimo ndani ya GIO, sehemu ya maktaba ya GLib ambayo programu za GNOME hujengwa juu yake, na kilitolewa mwaka 2010 pamoja na GLib 2.26. dconf ni ghala ambamo mipangilio hiyo hukaa kwenye Linux. Kabla ya hapo GNOME ilitumia GConf, iliyotawanya mipangilio katika mafaili mengi ya XML. GNOME 3 ilipotoka mwaka 2011 ilijengwa juu ya mfumo huu mpya, na leo hutumiwa pia na Cinnamon na MATE, mazingira mengine kama GNOME. Wanaotumia KDE au Xfce wana mifumo yao wenyewe, na tathmini hii haiwahusu. Vyote viwili ni programu huria na havina malipo.

Jambo la kwanza linalostahili sifa ni namna kazi ya kusoma ilivyotengwa na kazi ya kuandika. Mipangilio ya mtumiaji hukaa katika faili moja, `~/.config/dconf/user`, lililopangwa ili programu ilisome moja kwa moja kutoka kwenye kumbukumbu bila kumuuliza mtu. Kuandika ni jambo jingine: ombi hupitishwa kwa D-Bus, njia ya programu kupashana ujumbe ndani ya mashine, hadi kwenye huduma ndogo inayoendeshwa kwa jina la mtumiaji huyo, nayo huandaa faili jipya zima na kuliweka mahali pa lile la zamani. Kwa kuwa mipangilio husomwa mara nyingi mno na kuandikwa mara chache, mgawanyo huu ni wa busara, na kwenye kompyuta za umri kama za kwetu mtu huona tofauti anapoingia.

Jambo la pili ni skima. Kila mpangilio una jina lake, aina ya thamani inayokubaliwa, thamani ya chaguo-msingi na maelezo mafupi, na vyote hivyo vimeandikwa katika skima inayosakinishwa pamoja na programu husika. Muda wa skrini kusubiri kabla ya kuzima, `idle-delay`, ni namba isiyoweza kuwa hasi, huhesabiwa kwa sekunde, na chaguo-msingi lake ni 300. Ukubwa wa maandishi, `text-scaling-factor`, ni namba yenye desimali inayokubalika kati ya 0.5 na 3.0, hivyo mwanafunzi mtundu hawezi kuandika 30 akaharibu skrini. Thamani hiyo hukataliwa kabla haijafika ghalani. Nimeona mifumo ambayo mpangilio ni mstari tu wa maandishi, na kosa la herufi moja hugunduliwa wiki kadhaa baadaye. Hapa kosa la aina hiyo hukomea mlangoni.

Kwa mwandishi wa programu, kazi yenyewe ni nyepesi. Natumia Python, na kumkuzia maandishi mzee ambaye macho yake yamechoka ni mistari hii tu:

```
from gi.repository import Gio
s = Gio.Settings.new('org.gnome.desktop.interface')
s.set_double('text-scaling-factor', 1.4)
Gio.Settings.sync()
```

Maandishi hukua papo hapo mbele ya macho yake, bila kutoka na kuingia tena, kwa sababu kila programu iliyo wazi hupata habari ya mabadiliko na kujirekebisha. Anayetaka kubadilisha vitu kadhaa kwa pamoja anaweza kuita `delay()` kwanza, akaweka thamani zote, kisha akaita `apply()`, na mabadiliko yakaingia kwa mkupuo mmoja. Anayetaka kumrudisha mtumiaji kwenye hali ya awali huita `reset()` kwa ufunguo anaoutaka, yaani jina la mpangilio husika. Thamani ya mtumiaji hufutwa na ile iliyo chini yake hujitokeza.

Ila chombo ninachokithamini kuliko vyote ni amri ndogo ya `dconf watch /`, na namna nzuri ya kuieleza ni kwa mfano wa ustadhi mmoja aliyekuja kuchapa utenzi kwa herufi za Kiarabu. Kibodi ya Kiarabu haikumtosha, kwa sababu Kiswahili kinataka پ na چ, na herufi hizo zina vitufe vyake kwenye kibodi ya Kiajemi. Nilifungua amri hiyo kwenye dirisha moja, naye akawa anaongeza kibodi kwenye dirisha la mipangilio. Kila alipobofya, mstari mpya ulitokea upande wangu, na wa mwisho ulisomeka hivi:

```
/org/gnome/desktop/input-sources/sources
  [('xkb', 'us'), ('xkb', 'ara'), ('xkb', 'ir')]
```

Hapo nilikuwa nimepata jina la ufunguo, njia yake na umbo la thamani yake bila kufungua kitabu. Kwenye Python thamani hiyo huandikwa kwa `GLib.Variant('a(ss)', ...)`, na kuanzia hapo walimu wote wa madrasa waliweza kupangiwa kibodi hizo kwa programu moja. Ustadhi alitazama, kisha akauliza: “Na nikihamia ile kompyuta ya dirishani, mwanangu, herufi zangu zitanifuata?” Nilimjibu kwamba zitamfuata, inshallah, lakini swali lake ndilo swali zito kuliko yote katika tathmini hii, na nitalifikia baada ya kutaja kasoro za kiolesura chenyewe.

Kasoro ya kwanza ni kwamba kiolesura ni kikali mahali ambapo kingepaswa kuwa na huruma. Programu ikiomba skima ambayo haijasakinishwa kwenye mashine hiyo, haipewi kosa inayoweza kulishughulikia. Programu nzima huuawa hapo hapo. Katika chumba chenye mashine zilizosakinishwa nyakati mbalimbali hilo ni jambo la kutarajiwa, kwa hivyo programu yoyote ya kupanga mipangilio inapaswa kuuliza kwanza kwa `Gio.SettingsSchemaSource.get_default().lookup()`, na ikijibiwa `None` iruke mpangilio huo na kuendelea.

Kasoro ya pili ni kinyume chake, nayo ni mbaya zaidi: kiolesura hunyamaza mahali ambapo kingepaswa kusema. Kuandika hakusubiri, `set_double()` hurudisha jibu mara moja huku ombi likiwa bado njiani, na programu fupi ikimaliza kazi na kutoka kabla ombi halijafika, thamani inaweza kupotea bila neno. Ndiyo sababu ya ule mstari wa `sync()` mwishoni mwa mfano wangu, na miongozo mingi ya mtandaoni huuacha. Vilevile, ufunguo uliofungwa na msimamizi hauleti kosa bali jibu la `False`, na asiyelitazama jibu hilo atadhani amefaulu. Mbaya kuliko yote ni pale Python yenyewe imetoka nje ya mfumo, kwa mfano kupitia Conda (chombo cha kusakinisha programu kando ya mfumo), na moduli ya dconf haimo: GSettings huamua kutumia kumbukumbu ya muda, hutoa onyo la mstari mmoja kwamba mipangilio haitahifadhiwa, na kuendelea kama kawaida. Onyo hilo ni rahisi kupita bila kuonwa pale programu inapoendeshwa na mashine yenyewe usiku. Ningependelea sana programu ikatae kuendelea.

Sasa nirejee kwa swali la ustadhi. Tukiacha dconf ilivyo na folda za nyumbani zikiwa kwenye NFS, jibu ni kwamba herufi zitamfuata mara nyingi, lakini si mara zote, na “si mara zote” haifai kwa mtu aliyekuja kuchapa kazi ya miaka yake. Chanzo kiko kwenye ule ule ustadi niliousifu. Faili la dconf limekusudiwa kusomwa moja kwa moja kutoka kwenye kumbukumbu, na alama inayoziambia programu kwamba faili limebadilika hukaa ndani ya `/run/user`, yaani ndani ya mashine aliyokalia mtu, wala haivuki kwenda mashine nyingine. Mtumiaji akiwa ameingia kwenye kompyuta mbili kwa wakati mmoja, jambo la kawaida kabisa pale mtu anapoacha moja wazi na kuhamia nyingine, kila moja ina huduma yake ya kuandika, na kila huduma huandika faili zima kadiri inavyolijua yenyewe. Anayeandika mwisho anaweza kufuta alichoandika mwenzake.

Waundaji walilijua tatizo hilo na wametoa dawa, na inasikitisha kwamba dawa yenyewe imefichwa mbali sana na macho ya msimamizi wa kawaida. Katika faili `/etc/dconf/profile/user` la kila mashine, mahali pa mstari `user-db:user` huandikwa `service-db:keyfile/user`. Kuanzia hapo huduma ya dconf huhifadhi mipangilio ya mtumiaji katika faili la maandishi ya kawaida ndani ya folda yake ya nyumbani, na lile faili la kusomwa kwa kasi hutengenezwa ndani ya mashine yenyewe kila anapoingia. Kilichoko kwenye seva kinabaki kuwa maandishi, na kilichoko kwenye kumbukumbu kinabaki kwenye mashine. Mabadiliko ya mstari huo huanza kufanya kazi mtumiaji anapoingia upya, hivyo inafaa yafanywe wakati chumba kimefungwa. Kasi ya kuingia hupungua kidogo. Kwangu mimi hilo si hoja. Faida nyingine ni kwamba faili la maandishi linaweza kusomwa kwa macho, na mtu akija na malalamiko naweza kulifungua nikaona alichonacho.

Hata hivyo dawa hii haiponyi kila kitu. Mtu aliyeingia kwenye mashine mbili kwa pamoja asitarajie kwamba badiliko alilofanya huku litaonekana kule papo hapo, kwa kuwa mashine haipashwi habari ya faili lililobadilishwa na mashine nyingine juu ya NFS. Akitoka na kuingia tena ataliona. Katika chumba chetu tumeweka utaratibu kwamba mtu atoke kikamilifu kabla hajahama kiti, na kwa utaratibu huo ustadhi amekuwa akikuta kibodi zake tatu popote anapokaa.

Mtego mwingine wa mtandaoni huwapata hasa wale wanaosimamia mashine kwa mbali. Ukiingia kwa SSH, njia ya kuendesha amri kwenye mashine iliyo mbali, au ukiiweka programu yako kwenye cron, inayoendesha kazi kwa saa zilizopangwa, na ukajaribu kubadilisha mipangilio ya mtumiaji ambaye hajaingia, huenda hakuna D-Bus ya mtumiaji huyo ya kupokea ombi la kuandika. Kusoma kutafaulu, kwa sababu kusoma hakupitii huko, na kufaulu huko ndiko kunakopotosha. Njia salama ni kuiendesha programu kwa jina la mtumiaji mwenyewe chini ya `dbus-run-session`, au bora zaidi, kuiweka programu miongoni mwa zile zinazoanza mtumiaji anapoingia, ili ifanye kazi ndani ya kipindi chake halisi. Kutumia `sudo` ni kujidanganya: mipangilio huandikwa kwenye ghala la msimamizi, na mtumiaji haoni lolote.

Kwa mipangilio inayowahusu watu wote pamoja, sishauri kabisa kuandika kwenye ghala la kila mmoja. dconf ina tabaka la msimamizi kwa kazi hiyo, nalo limenifurahisha kuliko kiolesura cha programu. Chini ya mstari wa mtumiaji katika lile faili la `profile` huongezwa `system-db:local`, kisha thamani huandikwa kwenye mafaili ya maandishi ndani ya `/etc/dconf/db/local.d/`, na mwisho huendeshwa `dconf update`. Thamani hizo huwa chaguo-msingi jipya kwa kila mtu, na bado mtumiaji anaweza kuweka yake juu yake. Msimamizi akitaka thamani isibadilishwe, huandika njia ya ufunguo ndani ya folda ya `locks`, na kuanzia hapo thamani ya tabaka la chini hutawala. Programu zilizounganisha vitufe vyake kwa `bind()` hukizima kitufe husika, hivyo mtumiaji huona kwamba mahali hapo pamefungwa na hapotezi muda kukibofya.

Utaratibu wa uandishi humo unataka uangalifu. Maandishi lazima yawe ndani ya alama za nukuu, hata anwani ya picha, na namba isiyoweza kuwa hasi hutanguliwa na neno `uint32`. Nashauri pia kufunga vitu vichache iwezekanavyo. Sisi tumefunga muda wa skrini kuzima na kuzuia uchapishaji kwa wageni. Picha ya skrini tumeiacha huru, kwa sababu mtoto aliyeweka picha ya jahazi la babake ana haki ya kulikuta kesho yake. Skrini ya kuingilia nayo ina ghala lake, na humo tumeweka ujumbe wa Kiswahili kwa ufunguo wa `banner-message-text`, unaomkumbusha kila mtu atoke kabla ya kuondoka. Ujumbe huo umesaidia kuliko karatasi zote tulizowahi kubandika ukutani.

Asije mtu akadhani kwamba kufuli za dconf ni ukuta wa usalama. Mtumiaji mwenye ujuzi anaweza kuielekeza programu kwenye mpangilio mwingine wa tabaka kwa kigezo cha `DCONF_PROFILE`, na papo hapo kufuli halimhusu tena. Kinachotakiwa kulindwa kweli, kama vile mafaili ya hesabu za vikundi, kilindwe kwa ruhusa za seva.

Mipaka ya chombo iko wazi pia. Firefox haisomi mipangilio yake kutoka humu. Ina faili lake la `policies.json`. LibreOffice nayo ina utaratibu wake. Kwa hivyo msimamizi atalazimika kujua mifumo mitatu, na hilo linachosha. Tena dconf haina njia yake ya kusambaza mafaili ya `/etc/dconf` kwenda kwenye mashine zote. Ni juu yako kuyanakili na kuendesha `dconf update` kwenye kila moja. Kwa mashine chache hati fupi ya SSH inatosha, na kwa nyingi Ansible, chombo cha kupanga mashine nyingi kwa pamoja, inafaa zaidi, kwani ina moduli yake ya dconf. Anayetafuta dirisha moja la kutawala mamia ya kompyuta akiwa ofisini hatalipata hapa, na asilaumu chombo kwa kazi ambacho hakikuundiwa.

Kwa aliyekwisha kuwa na watumiaji kwenye NFS na anataka kuhamia kwenye ghala la maandishi, nashauri kila mtumiaji, akiwa ndani ya kipindi chake, aendeshe kwanza `dconf dump / > mipangilio.txt` na faili hilo libaki katika folda yake ya nyumbani. Baada ya mstari wa `profile` kubadilishwa kwenye mashine zote, aingie, alinganishe anachokiona na kilichomo kwenye faili, na chochote kilichokosekana akirudishe kwa `dconf load / < mipangilio.txt`. Mashine zote zibadilishwe siku moja, maana moja ikisahaulika itaendelea kuandika kwenye faili la zamani, na atakayeikalia atakuta mipangilio isiyolingana na ya kompyuta nyingine.